Fuwele za kimeng'enya cha malaria zinapogoma: dalili, vyanzo na pa kuanzia

Kimelea cha malaria, Plasmodium falciparum, kikiwa ndani ya seli nyekundu ya damu hupata nishati kwa kuvunja glukosi. Kimeng'enya kiitwacho laktati dehidrojenesi hugeuza piruveti kuwa laktati na kurudisha NAD⁺, molekuli msaidizi inayobeba elektroni (ikizibeba huitwa NADH), ili uvunjaji huo usikwame. Baadhi ya vipimo vya haraka vya malaria hukitafuta kimeng'enya hikihiki katika tone la damu. Muundo wake wa kwanza wa fuwele ulichapishwa mwaka 1996, nao ulionyesha jambo ambalo watafiti wa dawa hawajaacha kulifuatilia. Kitanzi kinachofunika mahali pa kazi kina asidi amino tano za ziada ambazo kimeng'enya cha binadamu hakina: asidi aspatiki, lisini, asidi glutamiki, triptofani na asparajini.

Anayetaka kuona kitanzi hicho kinavyoshika kiungo kipya cha dawa, yaani molekuli ndogo inayoingia mahali pa kazi, lazima akuze fuwele zake mwenyewe, na safari hiyo hukwama mahali pengi. Nimepanga dalili kwa mfuatano wa kazi, kuanzia kwenye bakteria wanaotengeneza protini hadi kwenye ramani ya elektroni, inayoonyesha atomi zilipo. Nashauri jambo moja tangu sasa: unapoona dalili, rudi hatua moja au mbili nyuma kabla ya kugusa hatua uliyopo. Karibu kila mara hitilafu huzaliwa mapema kuliko inapoonekana. Fuwele mbaya nyingi ni protini mbaya, na ramani mbaya nyingi ni fuwele iliyogandishwa vibaya.

Dalili: bakteria wanakua vizuri, protini haionekani au yote iko kwenye mashapo

Jenomu ya kimelea hiki ina besi A na T kwa takribani asilimia 80. Kodoni zake nyingi, yaani herufi tatu tatu zinazotaja asidi amino, hasa AGA ya arijinini na ATA ya isolusini, ni adimu kwa Escherichia coli. Bakteria hukwama katikati ya kusoma, na unapata protini iliyokatika au isiyokuwepo kabisa. Dawa yake ni kuagiza jeni iliyoandikwa upya kwa kodoni zinazopendwa na bakteria, au kutumia aina ya bakteria waliobeba tRNA (molekuli zinazoleta asidi amino) za ziada. Kama protini ipo lakini haiyeyuki, shusha joto hadi nyuzi 16 au 18 kabla ya kuwasha jeni, punguza kichocheo, kisha acha usiku kucha. Kimeng'enya hiki kwa kawaida ni mtiifu katika hatua hii. Kikigoma sana, soma upya mfuatano wa plazmidi.

Tahadhari moja: usithibitishe mafanikio kwa kupima kazi ya kimeng'enya katika maji ghafi ya bakteria kwa piruveti na NADH. E. coli ana laktati dehidrojenesi yake, nayo hutumia vitu hivyohivyo. Ile ya bakteria hutengeneza laktati ya mkono wa D, ya kimelea hutengeneza ya mkono wa L. Kwa hiyo pima kinyumenyume, ukianza na L-laktati na APAD, kiungo kinachofanana na NAD⁺ ambacho kimeng'enya cha kimelea hukipenda kuliko vile cha binadamu kinavyokipenda.

Dalili: kwenye jeli protini ni safi, lakini kila tone limejaa mashapo ya kahawia

Fuwele hukuzwa katika matone madogo ya protini na kemikali, kila moja likiwa karibu na kisima cha mchanganyiko mzito zaidi unaovuta maji yake. Hapa ndipo watu hupoteza muda na vifaa vingi kuliko mahali pengine popote. Wanaona mstari mmoja safi kwenye jeli, wanaamini protini iko sawa, kisha wananunua seti moja ya majaribio baada ya nyingine. Jeli ile inaonyesha urefu wa mnyororo tu. Haisemi kama minyororo imejikunja vizuri, wala kama minne imeshikana inavyopaswa.

Kipimo cha kwanza ni kromatografia ya ukubwa. Mnyororo mmoja una takribani kilodaltoni 34, na kimeng'enya kamili ni minyororo minne, hivyo kilele kinapaswa kutoka karibu na kilodaltoni 136, zaidi kidogo kama mkia wa histidini, uliowekwa ili protini ishike nikeli wakati wa kusafishwa, bado upo. Kilele kinachotoka mwanzo kabisa wa safu ni protini iliyogandamana. Hakuna mchanganyiko wa chumvi utakaoifanya fuwele. Vilele viwili vilivyoshikana mabega vinakwambia una mchanganyiko wa hali mbili, na mchanganyiko haujipangi. Kusanya katikati ya kilele tu. Najua inauma kumwaga kingo zake baada ya siku nzima ya kazi, lakini kingo hizo ndizo zinazochafua tone.

Kisha angalia mambo haya, kwa mpangilio huu.

Imidazoli. Kama ulitoa protini kwenye nikeli na hukubadilisha bafa ipasavyo, imidazoli, kemikali inayoibandua protini kwenye nikeli, imebaki na inavuruga kila tone.

Kinga ya sisteini. DTT, kemikali inayozuia sisteini zisifungane, haidumu. Katika pH 8.5 na joto la nyuzi 20, nusu yake hupotea ndani ya takribani saa moja na nusu, ilhali katika pH 6.5 hufikia saa 40. Tone la fuwele hukaa majuma, kwa hiyo DTT uliyoweka siku ya kwanza haipo tena siku ya tatu, na sisteini za minyororo tofauti zinaanza kufungana. Tumia TCEP, kinga nyingine ya aina hiyo, hasa bafa yako ikiwa juu ya pH 7.5, ila epuka kuiweka katika bafa ya fosfeti kwa muda mrefu kwa sababu huharibika humo.

Uthabiti. Fanya kipimo cha kuyeyuka kwa joto kinachotumia rangi, ukilinganisha protini tupu, protini na NADH, na protini na NADH pamoja na oksameti, kiungo chenye umbo la piruveti. Joto la kuyeyuka likipanda unapoongeza viungo hivyo, una habari mbili njema: kimeng'enya kimejikunja vizuri na mfuko wake, yaani mahali pa kazi, uko wazi. Pia unajua nini cha kuweka kwenye tone, maana protini iliyoshika kiungo chake hutikisika kidogo na hujipanga kwa urahisi zaidi. Lisipopanda kabisa, usiendelee na matone. Rudi kwenye usafishaji.

Kugandisha. Protini iliyogandishwa polepole na kuyeyushwa mara kadhaa si ile uliyoisafisha. Igawe katika mirija midogo, izamishe katika nitrojeni ya maji, na kila mrija uutumie mara moja tu.

Yote hayo yakiwa sawa na bado mashapo yanatawala, tatizo ni wingi. Kipimo rahisi: kama zaidi ya nusu ya matone yamechafuka mara moja, punguza protini kwa nusu. Miligramu 10 kwa mililita ni mahali pazuri pa kuanzia, lakini hakuna sheria inayolazimisha kuishia hapo.

Dalili: matone yote ni maangavu, hakuna kinachotokea

Ongeza protini mara mbili, au punguza maji kwa kukoleza polietileni glikoli kisimani. Kabla ya kutupa sahani, subiri. Tone angavu linaweza kuwa katika eneo ambalo fuwele hukua vizuri lakini haianzi yenyewe. Lipandie mbegu za fuwele iliyosagwa kutoka tone lingine, hata kama ni fuwele mbovu.

Dalili: fuwele nzuri sana, zenye kingo kali, zimetokea usiku mmoja

Kuwa na shaka. Fosfeti ikikutana na kalsiamu au magnesiamu hutengeneza fuwele za chumvi zinazovutia kuliko za protini. Tengeneza tone lilelile bila protini. Fuwele zikitokea tena, ni chumvi. Gusa mojawapo kwa sindano nyembamba chini ya hadubini: ya chumvi hulia na kupasuka kama kioo, ya protini huvunjika laini kwa sababu karibu nusu yake ni maji.

Watu wengi hutegemea mwanga wa urujuanimno, ambao hufanya triptofani ing'ae. Kwa kimeng'enya hiki njia hiyo ni dhaifu. Kila mnyororo una triptofani moja tu, na iko kwenye kile kitanzi chenye nyongeza. Fuwele halisi inaweza kung'aa hafifu kiasi cha kukufanya uitupe. Isipong'aa, usihukumu mpaka uipeleke mbele ya eksirei: ya chumvi hutoa madoa machache makali yaliyo mbalimbali, ya protini hutoa mengi yaliyosongamana.

Dalili: sindano nyembamba, bapa zilizopangana, au vichaka

Mwanzo umekuwa mwingi mno kwa wakati mmoja. Punguza kasi: shusha kiwango cha polietileni glikoli kwa hatua ndogo, jaribu nyuzi 4 badala ya 20, au weka matone makubwa zaidi. Njia ninayoiamini kuliko zote ni kusaga vichaka hivyo kuwa mbegu na kuzipanda katika seti nzima ya michanganyiko tofauti, si ule uliozizaa peke yake. Mara nyingi fuwele nene hutokea katika mchanganyiko ambao bila mbegu ulikuwa tone angavu.

Kama mkia wa histidini bado upo, ukate na ujaribu upya.

Dalili: fuwele ni nene na safi, lakini madoa yanaishia angstromu 6 au 8

Angstromu ni sehemu moja ya bilioni kumi ya mita; namba ikiwa ndogo, picha ni kali zaidi. Swali la kwanza: je, fuwele yenyewe ni mbovu, au umeiharibu ulipoigandisha? Jibu lake linapatikana kwa jaribio moja. Weka fuwele ndani ya kapilari au mrija wa plastiki pamoja na tone la maji ya kisimani, kisha ipige picha chache katika joto la kawaida bila kuigandisha. Ikifika angstromu 2.5 hapo na 7 baada ya kugandishwa, kosa liko kwenye kinga ya baridi. Ikiwa 7 kote kuwili, acha kubadilisha gliseroli na urudi kwenye ukuzaji.

Kama kosa ni la baridi, soma picha. Pete katika angstromu 3.90, 3.67 na 3.44 ni barafu ya kawaida: kinga haitoshi, au hewa yenye unyevu imegusa fuwele wakati wa kuihamisha. Pete pana, isiyo na mstari mkali, maana yake maji yamegeuka kioo vizuri na tatizo liko kwingine. Madoa yaliyovutika au kugawanyika yanaonyesha mshtuko: fuwele iliingizwa ghafla kwenye gliseroli nyingi. Ipeleke kwa hatua, asilimia 5, 10, 15, 20, ukitumia maji yaleyale ya kisimani yenye NADH na oksameti ndani. Hilo la mwisho husahaulika mno. Ukisafisha fuwele kwa kinga isiyo na viungo, unaviosha kutoka mahali pa kazi, kisha baadaye unashangaa mfuko uko mtupu.

Dalili: data ni nzuri, muundo haupatikani

Kimeng'enya hiki hujipanga vizuri katika kundi la ulinganifu (namna minyororo inavyojirudia ndani ya fuwele) I222, na hapo pana mtego. I222 na I2₁2₁2₁ hutoa madoa yaleyale na kukosa yaleyale. Hakuna programu ya kuchakata picha inayoweza kuzitenganisha kwa kuangalia madoa yaliyokosekana. Ikikuandikia I222, imechagua tu. Unapotafuta muundo kwa kielelezo cha kuazima, yaani muundo unaojulikana wa protini inayofanana, iambie programu ijaribu zote mbili.

Hesabu pia ni minyororo mingapi inaingia. Tuseme pande za seli ya msingi, kipande kinachojirudia katika fuwele, ni angstromu 80, 86 na 91. Ujazo ni kama 626,000. Gawanya kwa 8, idadi ya nafasi katika I222, kisha kwa daltoni 34,000, unapata 2.3. Thamani hiyo imo katikati ya zile za kawaida, kwa hiyo ni mnyororo mmoja. Wanaotafuta minne kwa sababu wanajua kimeng'enya kina minyororo minne hawatafika popote: hapa minne inatokana na ulinganifu wa fuwele wenyewe, mhimili hadi mhimili.

Kielelezo cha binadamu kinafanana na cha malaria kwa takribani asilimia 30 tu ya asidi amino, hivyo kinaweza kushindwa. Tumia muundo wa Plasmodium uliokwishawekwa katika hifadhi ya umma, na ukate kile kitanzi kabla ya kuanza, kwa sababu ndicho kinachohamahama. Ukifanya hivyo, kitanzi kitakachojitokeza baadaye kwenye ramani kitakuwa kimetoka kwenye data yako.

Na kama hakuna kielelezo kinachokubali hata baada ya hayo, linganisha vipimo vya seli yako na vilivyomo katika hifadhi hiyo. Protini za E. coli zinazonasa kwenye nikeli, AcrB ikiwa maarufu zaidi, hutengeneza fuwele kwa bidii hata zikiwa chache kwenye mchanganyiko. Ni vizuri kulijua hilo kabla ya kupoteza mwezi.

Dalili: R huru imekwama juu ya 0.35 ingawa ramani inaonekana nzuri

R huru hupima kielelezo kinavyotofautiana na data iliyowekwa kando. Angalia takwimu za ukali wa madoa. Wastani wa miraba ya ukali ukigawanywa kwa mraba wa wastani unapaswa kuwa karibu na 2.0, ukielekea 1.5, una fuwele pacha, yaani fuwele mbili zilizoota zikiwa zimeshikana. Katika seli yenye pande tatu tofauti upacha wa kweli ni nadra, kwa hiyo shuku kwamba ulinganifu umekuzwa kupita kiasi: chakata data upya kwa kundi la chini zaidi, kisha uone kama minyororo uliyodhani ni sawa inatofautiana. Kimeng'enya chenye minyororo minne kinaweza kushika kiungo katika miwili na kuacha miwili mitupu, na ukilazimisha ulinganifu unapata wastani wa hali mbili.

Dalili: kitanzi hakionekani, au kiungo kinaonekana nusu

Hii ndiyo sehemu ambayo kwa ajili yake kazi yote iliyotangulia ilifanywa, na inahitaji subira kuliko zote.

Kitanzi hufunga pale tu mfuko unapokuwa umejaa. Kikiwa na NADH na oksameti, kinashuka na kutulia. Bila oksameti kinapepea, na ramani haina cha kuonyesha. Kwa hiyo kitanzi kilichopotea kwanza ni habari kuhusu mfuko. Usijaribu kukichora kwa kubahatisha ndani ya ukungu wa elektroni. Acha asidi amino hizo nje na useme hazionekani.

Ukiona nusu ya adenini ya NADH ikiwa wazi na nusu ya nikotinamidi imefifia, sababu za kawaida ni mbili. Ama kiungo kimo katika sehemu tu ya minyororo, ama NADH imeharibika. NADH haivumilii asidi, na fosfeti huiharibu zaidi, hivyo tone la pH 6 lililokaa mwezi lina mabaki yake. Tengeneza mpya na uloweke fuwele ndani yake muda mfupi kabla ya kugandisha.

Usitumie piruveti badala ya oksameti ukidhani ni kitu kimoja. Piruveti pamoja na NAD⁺ hushikana polepole ndani ya mfuko na kutengeneza kiungo cha kudumu, na utakachokiona si hatua ya kazi ya kimeng'enya. Oksameti ina umbo lilelile lakini haigeuki.

Kisha kuna hatari ya kinyume: kuona kiungo kisichokuwepo. Gliseroli, salfeti, sitreti na vipande vya polietileni glikoli hupenda mifuko yenye arijinini. Jiulize kila kilichokuwa kwenye tone na kwenye kinga ya baridi. Ondoa kiungo chako kwenye kielelezo, sawazisha upya, kisha chora ramani ya tofauti. Kama umbo lake halirudi lenyewe, hakipo. Pima pia mtikisiko: kiungo chenye thamani za B mara tatu ya asidi amino zinazokizunguka kimo kwa sehemu ndogo, au si hicho.

Linganisha pia mguso wa fuwele. Katika muundo wa triosifosfeti isomeresi ya Trypanosoma brucei, kimelea cha malale, uliokuzwa ndani ya amoniamu salfeti ya molari 2.4, minyororo miwili ya jozi ilitofautiana: mmoja ulishika salfeti na kitanzi chake kikakaribia kufunga, mwingine ulibaki wazi kwa sababu molekuli jirani katika fuwele ilikizuia kitanzi. Ungeona mnyororo wa pili peke yake, ungeandika kwamba kimeng'enya hakishiki salfeti.

Mwaka 1999 klorokwini ilionekana kwenye mfuko wa NADH wa laktati dehidrojenesi ya malaria. Ramani ilikuwa ya kweli, lakini mshiko ulikuwa dhaifu, na klorokwini inafahamika kuua kimelea kwa kuzuia himu, mabaki yenye sumu ya hemoglobini, isigeuzwe kuwa rangi isiyo na sumu. Ukipata kiungo chako mfukoni, pima kwanza katika mrija ni kiasi gani kinachozuia kazi ya kimeng'enya.

Unapoandika matokeo, taja namba za asidi amino kwa uangalifu. Namba za jadi za laktati dehidrojenesi, kama histidini 195 na arijinini 171, zilitokana na kimeng'enya cha papa na hazilingani na mfuatano wa Plasmodium. Weka namba zote mbili kwenye jedwali, na upandishe picha ghafi za mtawanyo pamoja na muundo, ili mwenye shaka kuhusu kitanzi aweze kuichora ramani mwenyewe.